Bati la Mama Lisiguswe

Shule ya Kati ya Wasichana,
Iringa.
Jumapili, tarehe 9 Oktoba 1955.

Kwa Mzee Asukile,
Uyole, Mbeya.

Babu yangu mpendwa,

Leo ni tarehe tisa ya mwezi wa kumi, na kabla sijachovya kalamu mara ya pili naapa kwamba nitakueleza yote, hata yale ambayo yakisomwa kwa sauti mbele ya majirani yatanifanya nionekane mjinga. Ukifika hapo, tafadhali soma kimya.

Shikamoo, Babu. Mimi ni mzima. Kikohozi kimepona. Masomo yanaendelea vizuri, isipokuwa hesabu, ambayo inaendelea bila mimi.

Hii ni barua ya malalamiko. Mwalimu wetu wa Kiswahili, Bi. Marta, ametufundisha kwamba mlalamikaji mwenye adabu humwandikia mtu mwenye mamlaka, hulitaja jambo bila kuzunguka, huyapanga malalamiko yake kwa namba, na hamtukani mtu. Mfano aliotupa ulihusu bomba la maji lililopasuka. Mimi sina bomba, nina gari. Na mwenye mamlaka juu ya gari hilo ni wewe. Kwa hiyo ninakushitaki kwako wewe mwenyewe, na ninakuomba usikilize kesi hii bila kupendelea upande wowote.

Bi. Marta anasema pia kwamba mlalamikaji aeleze kana kwamba msomaji hajui kitu. Basi unisamehe nikikueleza mambo unayoyajua kuliko mimi.

Gari ninalolisemea ni lile jeusi la mwaka 1927, lenye paa la turubai, ulilokuwa ukimwendeshea yule Bwana mchimba dhahabu wa Lupa. Vita vilipoanza Bwana aliondoka, akakuachia gari pamoja na kofia yake. Kofia iliisha. Gari lilitembea hadi mwaka 1949, kisha likaingia bandani likakaa na kuku. Mwezi wa nane mwaka huu ulilipakia juu ya lori, ukalileta huku Ipogolo kwa Fundi Edmund Kalinga, na ukampa amri ya maneno machache: "Lirudi kama lilivyotoka kiwandani." Kisha ukaniandikia kwamba, kwa kuwa shule yangu iko huku juu mjini, niwe macho yako. Kila Jumamosi Bi. Marta akishuka sokoni nami nishuke naye, nipite gereji, nitazame, nikupe habari.

Nimekuwa macho yako, Babu. Sasa macho yako yamejaa machozi, na sababu zake ni hizi.

1. Udongo. Jumamosi ya kwanza nilimkuta Fundi Kalinga amelala chini ya gari, anakwangua kwa tindo ule udongo mwekundu uliogandamana chini ya madigadi. Nikamwuliza kama anajua anachokifanya. Akanisalimu kwanza kwa Kihehe, "Kamwene, binti. Ninaondoa uchafu." Nikamweleza kwamba ule si uchafu. Ule ni Lupa, ni Chunya, ni njia ya Tukuyu wakati wa masika, tabaka juu ya tabaka, na kitabu chetu cha jiografia hakina ramani nzuri kama ile. Kisha akaujaza udongo wote ndani ya debe, akanikabidhi.

Sasa nina debe la udongo chini ya kitanda changu bwenini. Mlezi wa bweni aliponiuliza ni la nini, nilijibu kwa heshima zote kwamba ni gari la babu. Akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Rafiki yangu Rozalia, anayelala kitanda cha jirani, amepanda kitunguu humo na kimeota. Nilitaka kuking'oa, lakini nikafikiri kwamba sasa nacho kimekuwa sehemu ya historia ya gari, nikakimwagilia maji.

2. Mlango wa buluu. Mlango wa kushoto ulipoanguka mwaka ule wa mvua nyingi, ulitengeneza mwingine wa mbao na kuupaka rangi ya buluu iliyobaki kwenye madirisha ya kanisa. Fundi Kalinga ana kitabu chenye picha ya gari letu likiwa jipya. Kila kisichokuwamo katika picha hiyo anakitoa, na kila kilichomo anakitafuta mpaka akipate. Katika picha milango yote ni myeusi. Nikamwambia kwamba buluu ile ni ya kanisa. Akasema, "Gari si kanisa, binti." Nikamjibu kwamba watu wengi wamesali kwa bidii ndani ya gari lile, hasa lilipokuwa linateremka kuelekea Chimala. Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini brashi hakuiweka chini.

3. Breki. Lalamiko hili nimeliondoa. Niliandika nusu ukurasa nikilitetea lile gogo lililokuwa likibebwa ubavuni mwa gari, ambalo mtu aliruka nalo na kulitupa nyuma ya gurudumu kila mlipotaka kusimama mlimani. Nilisema kwamba breki mpya zitatupotezea ufundi wa wazee wetu. Fundi aliniuliza kama mimi ndiye nitakayekuwa ninaruka na gogo. Nimeiacha namba yake hapa ili usidhani kwamba siwezi kuhesabu mpaka tano.

4. Kioo. Katika picha ya kitabu, juu ya usukani, kuna kioo kidogo cha kumwonyesha dereva mambo ya nyuma yake. Gari letu halikuwa na kioo. Fundi amehangaika nalo jambo hilo wiki nzima, amepata kioo kwenye gari bovu la mtu mmoja wa Ilula, amekifunga, amekisugua kwa majivu, na Jumamosi ya wiki iliyopita aliniita nikione. "Gari bila kioo ni mtu bila shingo," alisema. Alikuwa na furaha kama mtu aliyempata mbuzi wake aliyepotea, nami sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba kioo halisi cha gari lile hakijapotea. Kimetundikwa kwenye msumari karibu na mlango wako, Babu, nawe unakitumia kunyolea ndevu. Sababu ya kukitoa unaijua, nami ninaijua. Yeye Mhehe wa watu angeijuaje?

5. Bati. Malalamiko yote yaliyotangulia yalikuwa ya kupiga hodi tu. Hili ndilo lililonifanya ninunue wino.

Kwetu mke wa mtu hamtazami baba mkwe wake, wala baba mkwe hamtazami yeye. Hawaketi pamoja, na wakikutana njiani mmoja huacha njia. Si ugomvi, ni heshima. Wewe na mama mnasali kanisa moja, lakini mama huinamisha kichwa mpaka utoke, na ukitaka kumwambia kitu unamwambia bibi, hata kama mama yuko ng'ambo ya ukuta na amekwisha kusikia. Desturi hii mtu wa Ipogolo haijui, ndiyo maana ninaiandika yote, ili ukitaka kumtumia Fundi barua hii aielewe. Ila ukimtumia, kata habari za kitunguu.

Sasa ikawa mwaka 1941. Baba alikuwa vitani na jeshi la King's African Rifles. Uchungu ukamshika mama alfajiri, na mambo hayakwenda sawa, ikabidi apelekwe hospitali ya misheni. Mwenye gari alikuwa mmoja tu Uyole nzima, na anayejua kuliendesha alikuwa mmoja tu, naye ni baba mkwe wake. Shangazi Tupokigwe husimulia mambo haya kila Krismasi, nami ninayaandika kama anavyoyasimulia. Anasema wewe hukubisha, wala hukukataa. Ulikwenda nyuma ya nyumba, ukachukua madebe matupu ya mafuta ya taa, ukaanza kuyapasua na kuyapigapiga yawe bapa. Mama analia ndani, wewe unagonga bati nje. Shangazi alitoka akakupigia kelele, "Baba, mtoto hangojei bati!" Nawe ukajibu bila kugeuka, "Mtoto hangojei, lakini mama yake atakuwa mkwe wangu hata kesho."

Ukalipigilia bati lile nyuma ya kiti cha dereva, kutoka sakafuni mpaka kwenye turubai. Ukaking'oa kioo ukakitia mfukoni. Mama na Shangazi wakaingia nyuma, wewe mbele, na gari likaondoka likiwa vyumba viwili.

Mama hakuweza kusema nawe, basi alipozidiwa alilipiga bati teke. Wewe ulidhani anakuambia uongeze mwendo. Ukaongeza. Akapiga tena, ukaongeza tena. Shangazi anasema kwamba hata gari lenyewe halikujua kuwa lina mbio namna ile. Mwishowe akapiga teke moja lililobonyeza bati likatokeza upande wako, likakugonga mgongoni, na hapo ukasimama. Kisha ukasikia kilio. Ukauliza, ukiwa umeutazama usukani, "Ni nini?" Na Shangazi akakujibu kutoka nyuma ya bati, "Ni mke wako!"

Mke wako ndiye mimi, Babu. Ndivyo ulivyoniita tangu siku hiyo, na ndiyo sababu ninathubutu kukuandikia hivi.

Tangu hapo bati halikutoka. Mama alikwenda nyuma yake sokoni, misibani na Tukuyu kwao. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo nilikaa naye huko nyuma, na kidole changu kilikuwa kinaingia kwenye lile bonyeo la kisigino kama yai linavyoingia kwenye kikombe. Wenzangu hapa shuleni wana vyeti vya kuzaliwa vyenye mihuri. Mimi nina bati. Sioni aibu, muhuri wangu umepigwa kwa nguvu zaidi.

Jana, Jumamosi, nilifika gereji nikalikuta gari halina bati. Liko wazi kuanzia mbele mpaka nyuma kama bweni letu. Nikauliza. Fundi Kalinga akasema, "Lile? Nilidhani mzee alikuwa anapakia mbuzi." Nikauliza liko wapi. Akanionyesha uani. Mkewe, Mama Benedicta, alikuwa amelilaza juu ya mawe mawili na kuanika majani ya kunde juu yake. Kwenye bonyeo lenyewe, Babu, pale kilipokuwa kisigino cha mama siku ile, alikuwa ametenga pilipili.

Nililia. Mama Benedicta alidhani ni pilipili, akaniletea maji.

Nikawasimulia habari yote. Mama Benedicta alitoa majani yake mara moja, akalipangusa bati kwa kanga yake, akaniomba radhi, na akaniomba pia nirudie pale mahali pa "ni mke wako." Fundi alikuna kichwa. Akasema kwamba anaelewa, lakini amri aliyopewa si yangu. Amri ni kama lilivyotoka kiwandani, na kiwandani hakukuwa na mkwe wa mtu. Alisema tena kwamba kabla ya kulisimamisha bati kwenye ukuta wa gereji atalinyoosha kwa nyundo, kwa kuwa mikono yake haimruhusu kuona kitu kilichobonyea. Nilimshika mkono. Ameahidi kungoja neno lako.

Basi jana usiku nililala nikiifikiria tofauti, na asubuhi wakati wa mahubiri nikaipata. (Mahubiri yenyewe yalihusu uvumilivu, nitayasoma baadaye.) Tofauti ni hii. Kurudisha upya ni kulirudisha gari lilivyokuwa kabla halijatujua. Kutunza ni kuliacha lilivyo baada ya kutujua. Fundi Kalinga anamrudishia yule Bwana wa Lupa gari lake. Gari letu sisi ni lile lenye udongo, mlango wa kanisa, honi inayolia kama ndama, na bati. Niliipenda sana hoja hii. Niliinong'oneza kwa Rozalia tukiwa bado tumepiga magoti, akaniambia, "Amina," nadhani ili ninyamaze.

Nilipoanza kuifuata hoja hiyo mpaka mwisho wake iliniongoza mahali ambapo sikupatarajia, lakini niliapa kukueleza yote. Kama kitu kinachotunzwa hakipaswi kubadilishwa, basi udongo urudi chini ya madigadi. Nitautuma, pamoja na kitunguu. Mlango ubaki buluu. Kuku warudi, kwa maana nao wamekaa ndani ya gari miaka sita. Injini isiwashwe, kwa kuwa imenyamaza tangu 1949, na kunyamaza kwake kumekuwa ndiyo desturi yake. Na kama injini haiwashwi, gari litatembeaje? Nimelifikiria jambo hili kwa muda wa chakula cha mchana kizima. Livutwe na ng'ombe. Wale wako wawili wa kulimia wana nguvu. Wakilivuta kutoka huku mpaka Uyole, wakampakia mama, wakalivuta tena kuja Iringa, na wakianza wiki hii, nadhani watawahi.

Ng'ombe nilikwisha kuwataja jana kwa Fundi Kalinga, kwa hasira tu, kabla sijaipata hoja yenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sikiliza, binti. Wewe gari hulitaki. Chukua ng'ombe, chukua bati, umlete mama yako. Mimi niachie gari."

Nilikasirika njia nzima ya kupanda mlima. Nilipofika juu niligundua kwamba nimekasirika kwa sababu amesema kweli.

Ukweli ni huu, nami ninauandika polepole. Siku ya Jumamosi tarehe 3 Desemba shule inafungwa, na wazazi wanaalikwa. Mwaka huu aliyechaguliwa kusoma maneno ya kuwashukuru wazazi ni mimi. Si kwa sababu ya hesabu, kama unavyojua. Nimekaa hapa miaka mitatu, na mama hajaiona shule hii hata mara moja. Uliahidi kwamba siku nitakayomaliza utakuja kunichukua kwa gari nililozaliwa ndani yake, na mama akiwemo. Baba yuko migodini kusini, hatarudi kabla ya mwaka mpya, kwa hiyo dereva ni wewe tu. Basi lipo, lakini mama hawezi kupanda basi na gari la mkwe wake likipita barabara ileile. Watu wangesema amelikataa. Na ndani ya gari lisilo na bati mama hawezi kuingia. Hivyo bati likitoka, mama atabaki Uyole, nami tarehe tatu nitasimama pale mbele na kuwashukuru wazazi wa Rozalia.

Ndiyo maana ninaomba kwa unyenyekevu, tena kwa herufi ambazo nimezikoleza mara mbili: BATI LA MAMA LISIGUSWE. Lirudi mahali pake na bonyeo lake. Kioo kitoke. Mengine yote, Babu, hata mlango wa buluu, nayaacha mikononi mwako. Breki nimekwisha kuzikubali.

Nisalimie bibi, na umwambie soksi alizofuma zimenitosha, moja zaidi ya nyingine. Mpelekee mama salamu zangu kwa mdomo wa bibi, kama kawaida. Wasalimie wote wa nyumbani na wa kwa jirani, na mzee wa kanisa, ila asijue nilichokuwa nafikiri wakati wa mahubiri. Wasalimie kuku, uwaambie kesi yao inasikilizwa. Ng'ombe nao wapewe majani ya kutosha, bila kuambiwa sababu.

Ni mimi mjukuu wako, mtiifu katika mambo yote isipokuwa matano, ukiondoa la tatu,

Atuganile.

Nyongeza, saa kumi ya jioni hiyohiyo.

Babu, nilikuwa nimekwisha kuilamba bahasha nilipoitwa kwamba nina mgeni. Ni Shangazi Tupokigwe. Ameshuka basi la Mbeya, anakwenda kwa mwanawe Dodoma, na ameniletea ndizi kutoka kwa mama. Nikampa barua hii aisome, kwa sababu sehemu ya bati ni yake. Aliisoma yote akicheka, isipokuwa mwishoni, pale nilipokoleza herufi. Hapo aliacha kucheka.

Akaniuliza, "Na mama yako mwenyewe umemwuliza?"

Nimeandika kurasa zote hizi nikimtetea mama. Nimemwuliza fundi, nimemwuliza mke wa fundi, nimemwuliza Rozalia kanisani. Mama sikumwuliza.

Shangazi anasema kwamba mama anajua habari za gari, maana Uyole hakuna asiyejua. Siku moja wakimenya viazi alimwambia hivi, nami ninaandika kama alivyosema: "Wifi, mtoto anasema ataniletea gari. Kama lile bati bado limo, waambie nina mafua. Miaka minane nimesafiri ndani ya kopo kama samaki wa dukani. Nimekwenda Tukuyu sijauona mlima Rungwe. Nimepita sokoni naona mafuta ya taa, mafuta ya taa, yameandikwa juu chini. Nikienda Iringa kwa mwanangu nataka kuiona njia."

Shangazi akamwuliza, na heshima je? Mama akasema, "Heshima iko shingoni, haiko kwenye bati. Yeye atazame barabara, mimi nitatazama miti. Nani atamwona mwenziwe?"

Kwa hiyo, Babu, malalamiko namba moja mpaka tano yamefutwa, na hoja ya ng'ombe nayo imefutwa, na ninakuomba usimwonyeshe mtu ile tofauti niliyoipata wakati wa mahubiri. Bati lisirudi garini. Ila lisinyooshwe. Mama Benedicta amekwisha kulipangusa. Fundi alifunge nyuma ya gari lirudi nyumbani, nitalitundika jikoni. Rangi apake anayotaka. Injini aiwashe, tena upesi.

Limebaki jambo moja, ambalo bati lilikuwa linatusaidia tusiliulize. Kile kioo cha Ilula bado kipo juu ya usukani. Shangazi alipomtajia mama kwamba gari likiwa jipya huwa na kioo, mama alimaliza kiazi alichokuwa anakimenya, kisha akasema kwamba watu wote Uyole humwambia kwamba mimi nimechukua paji la uso la babu yangu, na ni yeye peke yake asiyejua kama ni kweli. Akachukua kiazi kingine.

Naweza kumwambia Fundi akitoe. Naweza kukaa mbele mimi, nikakigeuzia kwangu, na kuwatazama ninyi wote wawili kwa zamu mpaka Chimala. Au kinaweza kukaa kama ulivyoagiza wewe mwenyewe, kama kilivyotoka kiwandani. Jumamosi nitashuka tena Ipogolo, na Fundi ataniuliza. Tafadhali nijibu kwa posta ya kwanza itakayotoka Mbeya: kioo tukielekeze wapi?